Kura ya Aliyesafiri

Benchi letu liko mbele ya jengo la ghorofa tano, ubavuni mwa lango, mahali ambapo kivuli hufika saa nane mchana na kutulia hapo mpaka jua litue. Ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, na kwa miaka tuliyoukalia ubao umeshika maumbo yetu, kila mtu na bonde lake. Upande wa lango anakaa Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini, na anaamini kwamba kwa kule kubeba mafaili, sheria nyingine zilimwingilia kwapani. Katikati anakaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna. Mwisho ni Fundi Saa na meza yake ya kioo. Kahawa inamiminwa na Kimya, na jina lake linatosha. Mimi wananiita Shemeji, kwa kuwa wote walimwita mke wangu dada. Mke wangu alifariki, hii ni wiki ya saba, Mungu amrehemu. Nao bado wananiita Shemeji, na mimi bado naitika.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi. Mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likaja nyuma yake, lami ikawa inatoa mvuke, na watu waliopita barabarani walionekana kama hawana miguu, wanaelea tu kuanzia kiunoni. Saa kumi kulikuwa na mkutano wa wenye nyumba za jengo. Nilikuwa na karatasi kwenye mfuko wa shati, na mkono wangu ulikuwa juu yake tangu nilipoketi.

— Shemeji, mbona umejishika kifua? Breki aliniuliza. Unaumwa au unaapa?

— Nimeshika karatasi.

— Karatasi gani hiyo ya kushikwa kama yai?

Nikaitoa. Nilikuwa nimeikuta siku tatu kabla, kwenye droo ya cherehani ya mke wangu, chini ya chaki ya kuchorea vitambaa na vifungo vya mashati. Wakili aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani yake ambayo mkono mmoja umefungwa kwa uzi, akasafisha koo.

— "Mimi, mwenye nyumba namba kumi na tisa, sitakuwapo mkutanoni. Namtuma mume wangu apige kura kwa niaba yangu." Sahihi ya dada hii hapa. Halafu, "Sababu ya kutokuwapo." Kuna visanduku vitatu: ugonjwa, kazi, safari. Ametia alama kwenye...

Akaisogeza karatasi karibu na miwani.

— Kwenye nini? Soma, bwana.

— Kwenye safari.

Pikipiki ilipita, ikakata mvuke wa lami vipande viwili, na vipande vikarudiana taratibu.

— Alikuwa aende kwa dada yake, nikasema. Mkutano ukapangwa, ukaahirishwa. Ukapangwa tena, ukaahirishwa tena. Karatasi ikabaki kwenye droo. Kwa dada yake hakwenda.

— Akaenda kwingine, Fundi Saa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua.

Ni lazima nieleze kidogo hapa. Nyumba ni ya mke wangu. Aliinunua kwa kushona sare za shule, sketi na mashati ya watoto wa watu, miaka mingi, mpaka vidole vyake vikawa haviwezi kunyooka vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa fundi wa rangi, leo nina kazi, kesho natazama kuta za wengine. Kwa hiyo kwenye kitabu cha jengo jina langu halimo. Mikutanoni alikwenda yeye, mimi nilibaki kupika. Alikuwa akiniambia, "Wewe ukisimama mbele za watu utawashukuru mpaka usahau ulichosimamia." Na ni kweli, mimi ni mtu wa kushukuru.

Kura ya siku hiyo ilikuwa ya dirisha.

Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, pale ngazi zinapokata kona, kuna dirisha pana lenye kizingiti cha saruji ambacho watu wawili wanaweza kukalia. Jengo halina lifti, na sisi tuko ghorofa ya tano. Mke wangu alikuwa akipanda na robota la vitambaa kichwani, akifika pale anaketi. Alisema yeye hupanda haraka kuliko roho yake, kwa hiyo pale anaingoja roho imfikie. Mwaka huu wa mwisho roho ilichelewa sana. Nilikuwa nashuka na maji kwenye kikombe, nakaa upande wa pili, tunatazama paa za chini na nguo za watu zilizoanikwa, bila kusema lolote. Nadhani nimekaa naye pale zaidi kuliko nilivyokaa naye sebuleni.

Sasa Mwenyekiti wa jengo alitaka dirisha lizibwe kwa matofali na kona ile iwe stoo. Kioo chake kilivunjika zamani, mvua inaingia, ngazi zinalowa, na kwenye mvua zilizopita mwalimu wa ghorofa ya nne aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Siwezi kusema ni uongo. Mkono wake niliuona umefungwa.

— Nimeshapiga hesabu, Breki akasema. Nyumba ziko ishirini na nne. Moja ina kesi, haipigi. Wanaotaka lizibwe ni kumi na moja. Wasiotaka ni kumi na moja. Imebaki nani? Imebaki kumi na tisa. Shemeji, wewe ndiye dirisha lenyewe!

— Si yeye, ni karatasi, Wakili akamrekebisha.

— Na hao kumi na moja wa Mwenyekiti umewaona kwa macho? Breki akauliza. Tisa hawapo! Wamemwandikia karatasi kama hii. Kuna mmoja yuko nchi ambayo saa hizi huko ni usiku, amelala, anakoroma, na huku anapiga kura. Mwenyekiti anatembea na watu tisa mfukoni na hata hachechemei!

— Ndiyo uwakilishi huo.

— Ndiyo uchawi huo. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

— Methali hiyo ilifutwa na kifungu cha saba, Wakili alisema.

Breki akamtazama kama mtu aliyepigwa honi kwa nyuma.

— Methali inafutwa?

— Katika jengo hili, ndiyo. Kifungu cha saba: mwenye nyumba asiyekuwapo atahesabiwa yupo, mradi karatasi yake ipo. Nimekinakili kutoka kanuni za jengo kwa mkono wangu mwenyewe. Na kinaendelea. Uwakilishi utadumu mpaka mwenye nyumba auondoe kwa maandishi. Sasa nawauliza, dada ameuondoa kwa maandishi?

— Wakili, dada amefariki, Breki akasema.

— Sikuuliza hilo. Nimeuliza kama ameandika.

— Ataandikaje?

— Hilo ni tatizo la upande wa pili. Sheria inataka maandishi, maandishi hayapo, basi uwakilishi upo. Dada yupo.

Alisema neno hilo, *yupo*, kwa sauti ya mahakamani, na mimi likanipita mwilini kama upepo unavyopita kwenye pazia. Saa kama ile, kila siku, mke wangu alikuwa akishona. Kutoka kule juu ghorofa ya tano cherehani yake ilisikika mpaka benchini, si sauti hasa, ni kama mtu anayehesabu kitu kwa ulimi. Nilikuwa nikiisikia bado. Sikuwaambia.

— Haya, tuseme nimekubali, Breki akasema, na alipokubali nikajua ndiyo anaanza. Kama mtu anaweza kumtuma mwenzake akampigie kura, kwa nini asimtume kwa mengine? Wakili, nakupa uwakilishi ukaninyolee ndevu.

— Zako au zangu?

— Zangu, kwenye kidevu chako. Fundi Saa, wewe nenda kaumwe jino kwa niaba yangu, mimi nimeshachoka nalo. Na Kimya alale badala yangu, maana usiku silali mimi. Tena nikupe karatasi ukamwogope mke wangu kwa niaba yangu, mimi nipumzike wiki moja tu!

— Hiyo siichukui, Fundi Saa akasema. Ile ni kazi ya kudumu.

— Wa mbili havai moja! Breki akapiga goti lake. Mwenyekiti ana midomo tisa na tumbo moja. Mimi nataka nimwone siku hao tisa wakitaka kula kwa pamoja.

— Hujui maana ya hiyo methali, Wakili akasema.

— Najua. Ndiyo maana nimeitumia vibaya kwa makusudi.

Kimya alimimina kahawa. Mvuke wa vikombe na mvuke wa lami ukawa kitu kimoja, na kwa kitambo nyuso zao zote zilikuwa mbali, kama watu unaowatazama kupitia pazia la kitanda unapoamka kabla hujakumbuka ni siku gani.

Fundi Saa aliweka koleo lake chini.

— Mimi niwaambie kitu. Kwenye meza hii nina saa nne ambazo wenyewe hawatakuja. Mmoja namjua, nilimzika. Mwingine nilisikia tu. Risiti zao ninazo. Kila asubuhi nazitia ufunguo.

— Kwa nini? nikamuuliza.

— Kwa sababu saa haijui, Shemeji. Ukiitia ufunguo inakwenda, na inayosema ni kweli. Saa tisa na robo ikisema ni saa tisa na robo, utaiambia nini, nyamaza, mwenyewe amekufa? Karatasi ya dada nayo ni hivyo. Alitaka dirisha libaki. Bado inasema hivyo hivyo.

— Umesikia? Wakili akafurahi. Huo ni ushahidi wa kitaalamu.

— Huo si ushahidi, Breki akasema, huo ni upweke. Huyu bwana anakaa na saa mno.

— Lakini tazameni mambo yanakoelekea, Wakili aliendelea, akisimama, maana ikifika hapo hawezi kubaki ameketi. Leo wasiokuwapo ni tisa. Mwakani kumi na tano. Siku itafika mkutano utakuwa wa karatasi tupu. Ukumbi umefunguliwa, viti vimepangwa, juu ya kila kiti kuna karatasi moja. Hakuna mtu. Mwenyekiti naye ni karatasi, kawekwa mezani, juu yake kiberiti asipeperuke. Anauliza hoja. Upepo unaingia kupitia dirishani, karatasi zote zinanyanyuka kidogo. Ndiyo! Upepo unatulia, zinalala. Hapana! Na yanayoamuliwa hapo yanafuatwa.

— Kumbe! Breki naye akasimama. Kumbe ndiyo maana wanataka kuziba dirisha! Wanaogopa upepo utapiga kura!

Wakacheka mpaka Wakili akaikamata miwani. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaendelea kuuona ukumbi ule. Niliona viti na karatasi, na kwenye kiti cha namba kumi na tisa karatasi yenye alama ya penseli ya bluu, ile ya kuchorea sketi. Upepo ukaja. Yake haikunyanyuka na nyingine. Mke wangu hakuwa mtu wa kunyanyuka na wengine.

— Shemeji, Fundi Saa aliita. Wewe umetuacha. Uko wapi?

— Nipo.

— Kwa karatasi au kwa mwili? Breki akauliza, lakini kwa upole.

Niliona niwaambie. Mtu ukikaa na watu miaka kumi na minane kwenye ubao mmoja, huwezi kuwaficha kila kitu.

— Leo alfajiri wakati wa kusali nilimuuliza Mungu kama kuipeleka karatasi hii ni uongo, nikasema. Nimefundishwa tangu utoto nisishuhudie uongo. Nikaisoma neno kwa neno. Hatakuwapo mkutanoni. Ni kweli. Amenituma mimi. Ni kweli, ni mwandiko wake. Amesafiri. Hata mhubiri aliyemzika alisema hivyo, amesafiri. Kila neno ni kweli peke yake, lakini nikiyaweka pamoja nashindwa kuyabeba.

— Na dirisha? Kimya akauliza.

Sote tulimgeukia. Kimya huuliza mara moja kwa mwezi.

— Dirisha nalitaka, nikasema. Likizibwa sitajua nipumzike wapi nikipanda. Lakini siyo hilo tu. Tangu nilipoikuta karatasi hii nalala usingizi. Siku tatu hizi. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa kitandani tu nikitazama ukuta niliopaka mwenyewe. Sasa najiambia amesafiri, nami nalala. Nimeacha hata kutia komeo la ndani. Mtu akisafiri humtilii komeo.

Breki alivuta pumzi ya kusema neno, akaishusha kwenye kikombe.

— Ipeleke, Wakili akasema hatimaye, na safari hii hakutumia sauti ya mahakamani. Ipeleke, Shemeji. Nani atauliza? Mwenyekiti ana watu wake tisa waliolala, wewe una wako mmoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini angalau nyoka ataiona.

— Sasa hiyo ndiyo umeiharibu kabisa, Breki akanong'ona.

Wakati huo ndipo lango lilipofunguka akatoka binti ambaye hatukumjua. Alikuwa na faili kifuani, viatu vyake vimelowa, na kalamu ameichomeka kwenye nywele.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, tukaitikia kwa pamoja.

— Mimi ni karani mpya wa jengo, nimeanza Jumatatu. Nakusanya karatasi za uwakilishi, mwisho ni saa tisa na nusu. Nimegonga namba kumi na tisa hakuna mtu. Wameniambia baba wa pale nitampata benchini.

— Ni huyu, Breki akasema, akininyooshea kikombe.

Fundi Saa aliangalia saa, kisha akaangalia nyingine ili kuhakikisha.

— Saa tisa na dakika ishirini na mbili, akasema.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Binti aliipokea karatasi, akachomoa kalamu kwenye nywele, akaanza kuikagua juu kwenda chini, na midomo yake ikitembea kidogo kama ya mtu anayesali.

— Namba ya nyumba, sawa. Jina, sawa. Mwakilishi, mume. Sahihi, ipo. Mwandiko mzuri wa mama. Sababu, safari. Kalamu ikasimama. Baba, hapa chini hamkujaza. Kuna tarehe ya kurudi.

Sikuwa nimeiona. Karatasi ile niliisoma siku tatu, na mstari ule wa mwisho, wenye nukta nukta, sikuwahi kuuona.

— Amesafiri, binti akasema. Anarudi lini?

Wakili alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta kifungu, anakitafuta, anapekua mafaili yote aliyowahi kubeba, kisha akafunga kinywa. Breki alikuwa ameinua mkono tayari kuingilia, na mkono ukabaki hewani. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akishika breki. Fundi Saa aliinamia meza yake ambapo saa zote zilikuwa zinakwenda, hakuna hata moja iliyojua. Mtaani palikuwa kimya namna ambayo hupatikana tu baada ya mvua, wakati hata maji yaliyokuwa yanadondoka kwenye bati yanakuwa yamekwisha. Nikasikiliza juu. Sauti ya cherehani haikuwepo.

Binti alidhani sikumsikia. Akainama kidogo, kwa heshima.

— Hata kwa kukisia tu, baba. Niandike wiki ijayo? Mwezi ujao?

— Harudi, binti yangu, nikasema.

Nilikuwa sijawahi kulisema. Siku ya mazishi nilisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Waliokuja nyumbani niliwaambia asanteni, asanteni, asanteni sana. Nilishukuru watu wote wa jengo mpaka Mwenyekiti. Neno lile moja sikulisema kwa mtu, wala kwa Mungu. Lilikuwa fupi. Nilitegemea litakuwa refu zaidi.

Binti alitazama karatasi, akatazama benchi zima, akaelewa. Alijiziba mdomo kwa faili.

— Pole sana, baba. Nisamehe. Mimi ni mgeni, hawakuniambia.

— Hukukosa, mama. Umeuliza swali lililoandikwa.

Alisimama pale akiwa hajui aifanye nini karatasi. Mwishowe akanirudishia, kwa mikono miwili, kama alivyoipokea Wakili.

— Ya aliyefariki siwezi kuipokea mpaka mirathi ikamilike. Ni kifungu cha kumi na nne.

— Kumi na nne, Wakili akasema kwa sauti ndogo. Ukurasa huo kwenye nakala yangu ulichanika.

— Ulichanika au uliuchana? Breki akauliza.

— Lakini, binti akasema haraka, kifungu hicho hicho kinasema anayeishi ndani ya nyumba anaruhusiwa kusema mkutanoni hata kama hana kura. Dakika tatu. Nikuandike, baba?

Nilitazama juu. Kutoka benchini dirisha lile linaonekana, jeusi katikati ya ukuta wa njano nilioupaka mwenyewe miaka tisa iliyopita, nikaacha alama ya brashi kwenye pembe yake ya chini, na mke wangu alikuwa akiicheka kila alipoketi. Dakika tatu. Yeye angezitumia zote, na za jirani.

— Niandike.

— Jina?

— Andika Shemeji, Breki akasema.

— Hilo si jina, mzee wangu.

— Sasa ni nini? Miaka kumi na minane linaitika!

Nikamtajia jina langu. Benchi zima liligeuka kunitazama.

— Kumbe unaitwa hivyo? Breki akashangaa. Wewe! Na umekaa nalo kimya muda wote huu?

Binti aliandika, akaaga, akarudi ndani ya lango na viatu vyake vilivyolowa. Niliikunja karatasi ya mke wangu kwa mikunjo ile ile aliyoikunja yeye, nikairudisha mfukoni. Mstari wa nukta niliuacha kama ulivyo. Tarehe ile anaijua Mungu Mwenyewe, na kwenye kitabu chake Yeye hakuna nyumba yenye kesi.

— Sasa nitasema nini huko? nikauliza. Mimi nitawashukuru tu.

— Dada alikuwa anasemaje kuhusu dirisha? Fundi Saa akauliza.

Sikuhitaji kufikiri. Alilisema akiwa ameketi pale pale, kikombe cha maji mkononi, siku ile mwalimu alipoteleza.

— Alisema mvua haiingii kwa sababu kuna dirisha. Inaingia kwa sababu hakuna kioo.

Wakatazamana.

— Basi? Breki akauliza.

— Basi.

— Na wewe si fundi wa rangi? Wewe kioo huwezi kukitia?

— Naweza. Nimetia vingi.

— Halafu tumekaa hapa tangu saa nane na vifungu! Breki akamgeukia Wakili. Dakika tatu ni nyingi, bwana. Shemeji anamaliza kwa sekunde kumi, zilizobaki wanyamaze wapumue.

Wakili alikuwa anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Kimya ndiye aliyesimama. Alilichukua birika lake, akalitikisa kidogo karibu na sikio, akatangaza:

— Kahawa imekwisha.

— Imekwisha vipi? Mimi sijapata ya tatu!

— Imekwisha, Kimya akasema. Twendeni.

Lakini mimi nilikuwa karibu naye. Birika lilikuwa zito, lilivuta mkono wake chini upande mmoja, na ndani yake nilisikia kahawa ikicheza.

Wakainuka wote. Fundi Saa alifunika meza yake kwa kitambaa, zile saa nne akaziacha zikienda chini yake. Kati yao hapakuwa na hata mmoja mwenye kura. Breki ni mpangaji, Wakili anakaa ng'ambo ya barabara, Fundi Saa ana meza tu, na Kimya hatujui anakolala. Hawakuruhusiwa kuingia ukumbini, kwa hiyo walisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, wamepangana kama walivyozoea kukaa. Mle ndani Mwenyekiti alikuwa mbele na karatasi zake tisa mezani, juu yake ameweka funguo zisipeperuke. Mwalimu wa ghorofa ya nne alikuwa kiti cha mbele. Mkono wake ulikuwa umeshafunguliwa bandeji, ameupumzisha mapajani kama kitu cha kuazima.

Kiti cha namba kumi na tisa kilikuwa kitupu. Sikukikalia. Nilisimama nyuma yake, nikashika mgongo wake.

Karani akaita jina langu. Watu wachache waligeuka kutafuta ni nani huyo. Nikasema mke wangu amefariki, nikasema alichosema kuhusu mvua na kioo, nikasema kioo nitakitia mimi. Kisha nikanyamaza, na sikumshukuru mtu yeyote.